Walisema Mama Amemfunga Mukishi wa Maji

Mtu akiniuliza habari za mikishi, hasira hunipanda kabla sijafungua mdomo. Wanakuja watu wenye adabu, na vinasa sauti vyao, wanataka kujua roho za maji, za ardhi, za moto na za upepo huku kwetu Kolwezi, kama vile mtu anavyouliza jinsi ya kupika sombe, majani ya mihogo. Wanataka mambo mazuri. Wanataka kusikia habari za mamba muntu, yule mwanamke wa mtoni mwenye nywele ndefu, na za nyoka anayelinda shaba ndani ya kilima. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza roho hizo zilitumiwa kumfanyia nani, na kumfanyia nini. Basi nitasimulia hilo, na asiyetaka kulisikia afunge kifaa chake aende.

Mambo ya mikishi alinifundisha nkambo, mama yake baba. Alizaliwa kwa Basanga, kwenye vilima vya shaba, kabla mji haujawa mji. Babu aliyemwoa alikuwa ametoka kaskazini ya Katanga kutafuta kazi ya mgodi, akafa mimi sijazaliwa. Nkambo aliishi nasi katika chumba cha nyuma, kwenye kambi ya wafanyakazi kule Musonoi. Alikuwa nganga. Watu walimjia na homa zao, na ndoto zao, na mimba zilizokataa kukaa. Na kila Jumapili alikuwa kwenye benchi la mbele kanisani, rozari mkononi, na hakuona ugumu wowote hapo.

"Mungu iko juu," aliniambia. "Lakini huku chini kuko benyewe. Mutu akiingia mu nyumba ya bantu, anapiga hodi."

Hao wenyewe ndio mikishi. Wa maji walikaa katika mto Lualaba, na tangu ukuta wa Nzilo ulipouzuia mto walihamia vilindini, kwenye lile ziwa jipya, wakiwa na kinyongo kwa kuwa hakuna aliyewaomba ruhusa. Wa ardhi walikaa ndani ya vilima visivyoota miti, vile vyenye nyasi fupi na maua ya zambarau, ambavyo kila mtoto wa Kolwezi anajua vina shaba chini yake. Wa upepo ulikuwa ukiwaona kiangazi, vumbi jekundu linapojizungusha barabarani na kutembea kama mtu mwenye haraka. Na wa moto nkambo aliwajua kuliko wengine wote, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakiyeyusha shaba katika tanuru la udongo wa kichuguu. Wazungu walimwomba awaonyeshe kazi hiyo kwa mara ya mwisho nkambo akiwa binti mdogo. Alikumbuka jinsi wanaume walivyojitenga na wake zao, jinsi unga mweupe ulivyonyunyizwa mlangoni mwa tanuru, na jinsi jiwe la kijani lilivyolia ndani ya moto mpaka likatoa maji mekundu.

Jambo moja alilirudia mara nyingi, na alilisema kwa sauti ya chini. Nganga anaomba, muloji anafunga. Mchawi, kwa maneno yake, hana nguvu yoyote ya kwake. Anachofanya ni kumkamata mukishi, kumfunga kwa damu ya mtu wa nyumba yake, kumfungia ndani ya chungu au ndani ya mwili wa nyoka, kisha kumtuma. Na mukishi aliyefungwa ni kama mbwa aliyenyimwa chakula: anauma yeyote anayepita. Nkambo aliogopa jambo hilo kwa dhati. Sisemi kwamba hakuamini. Aliamini kuliko wote waliokuja baadaye kupiga kelele uani kwetu, na ndiyo sababu hasira yangu haiishi.

Mama yangu alikuwa Mkasai. Yaani, baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai, akafanya kazi ya karani kwenye reli. Mama mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, akabatizwa hapa, akasoma hapa, akaolewa hapa. Kasai hakuijua hata kwa macho. Nkambo hakumpenda. Alilalamikia bukari yake, yaani ugali, kwamba ina mihogo mingi, alilalamikia kicheko chake kwamba kinasikika hadi barabara ya pili, na dada zake walipokuja wakaongea Tshiluba chao jikoni, nkambo aliinuka na kigoda chake akaenda kukaa nje. Mama naye hakuwa malaika. Alikuwa akiziweka dawa za nkambo juu kabisa ya kabati, mahali ambapo bibi kizee asingefika bila kuomba msaada.

Baba alikuwa fundi wa pampu mgodini. Kazi yake ilikuwa kulinda shimo lisijae maji. Alikuwa mtu mpole, na mimi na kaka yangu mdogo tulijivunia harufu ya mafuta ya mashine aliyorudi nayo nyumbani. Alizungumza habari za pampu kama wengine wanavyozungumza habari za watoto: hii inakohoa, ile ina homa, ile nyingine ni mvivu lakini ukiipiga teke inaamka.

Kisha kampuni ya mgodi ikaanza kufa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Askari walipora, mafundi wa kigeni wakapanda ndege na familia zao, na waliobaki wakaachiwa mashine zisizo na vipuri. Duka la kampuni tulikopewa unga likafungwa. Hospitali ikabaki na vitanda. Mgodini walitoa kipande cha mashine hii kutibu ile, mpaka vipande vyenyewe vikaanza kutoweka usiku na kuonekana sokoni mchana. Baba alikuwa akija mezani na kusema, "Pampu ingine imekufa. Nasema kila siku, banaitika tu kwa kichwa." Mama alimjibu, "Endelea kusema." Akaendelea.

Mabomba ya kambi nayo yakakauka. Wanawake walitembea mbali na ndoo, wakarudi na maji yenye rangi ya kutu. Mama hakuwa mtu wa kungoja. Aliwaita wanaume wawili wa kwaya yake, wakachimba kisima nyuma ya jiko, karibu na mparachichi, na maji yakapatikana upesi, tena safi. Kiangazi chote hakikukauka. Barabara nzima ikaanza kuja kuchota. Mama hakumkatalia mtu, na hakumwomba mtu chochote isipokuwa kuvua viatu vyenye matope kabla ya kukanyaga saruji yake. Jirani yetu wa mkono wa kushoto, mama mmoja mwenye watoto wengi, ndiye aliyetangulia kila asubuhi.

Mtoto wa kwanza wa jirani huyo ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa vijana wa barabara yetu. Ulikuwa wakati wa mikutano na redio. Tuliambiwa kwamba Katanga ni ya Wakatanga, kwamba njaa yetu imeletwa na Bakasai, kwamba wamejaza ofisi, wamejaza shule, wamejaza soko, na sasa warudi kwao. Waliwaita *bilulu*, wadudu. Neno hilo nililisikia kwanza redioni, kisha sokoni, kisha mdomoni mwa msichana niliyekaa naye dawati moja, ambaye nywele zake mama yangu alikuwa amezisuka. Vijana walijifunga vitambaa vyekundu kichwani na kupita na mapanga wakiimba. Wanaume waliooa Wakasai walianza kuulizwa barabarani, kwa kicheko, kama bado wanafuga wadudu nyumbani. Baba alikuwa akicheka nao kidogo, kisha anaharakisha.

Asubuhi moja king'ora cha mgodi kililia saa isiyo ya kubadilisha zamu. Wanawake wote wa kambi walitoka nje wakasimama walipokuwa, mikono ikiwa na unga au sabuni. Maji yalikuwa yameingia katika njia ya chini, na wanaume waliokuwa mbele kabisa hawakuweza kurudi. Wawili kati yao walikuwa wa barabara yetu. Kilio kilianza kwenye kona, kikaja nyumba kwa nyumba, kikapita kwetu.

Baba alirudi jioni, amelowa hadi kifuani. Alikaa mezani na mabuti yake, kitu ambacho mama hakumruhusu siku nyingine yoyote.

"Ni pampu," baba alisema. "Zilinyamaza zote. Nilibaambia. Nilibaambia."

Nilisikia mimi, akasikia kaka yangu, akasikia nkambo akiwa mlangoni mwa chumba chake. Mama alipiga magoti, akamfungua kamba za mabuti.

Lakini huko nje hakuna aliyetaka habari za pampu. Pampu haina uso wa kutemea mate. Matanga hayajaisha, watu walianza kuulizana: maji yana mwenyewe, na mwenye maji haui bure, ni nani amemfunga? Swali likatembea, likapata miguu, likafika kwetu. Kwa nini mabomba yamekauka na kisima cha yule Mkasai kimejaa? Anayavuta wapi maji hayo? Wakajibu wenyewe: anayavuta mgodini. Amemfunga mukishi wa maji ndani ya kisima chake, na ili mukishi abaki, anamlisha wanaume. Jirani wa mkono wa kushoto aliendelea kuja na ndoo yake, ila sasa alichota bila kusalimia.

Walikuja Jumapili, baada ya misa. Ua wetu ulijaa, wengine wakapanda ukuta. Mkuu wa vijana alikuwa amekuja na nganga aliyemtoa upande wa Kisenge, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na saa mkononi. Nkambo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Alimuuliza kwa heshima ni nani aliyemfundisha kazi hiyo. Kijana alitazama saa yake.

Alichukua udongo wa kizingiti chetu, akautia kwenye beseni. Akaagiza maji ya kisima, yakamiminwa juu yake. Akachoma majani, akapuliza moshi pande zote. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira, kwamba sasa wamekusanyika wote wanne, wa ardhi, wa maji, wa upepo na wa moto, na hawawezi kudanganya wakiwa pamoja. Atatumbukiza kaa la moto. Kaa likilia, basi mukishi amefungwa katika nyumba hii.

Alilichukua kaa kwenye mbabula yetu wenyewe, lile jiko la makaa ambalo mama alikuwa amepikia chai asubuhi. Akalitumbukiza. Likalia, tsss, na watu wakapiga ukelele nisiousahau hadi leo, ukelele wa furaha, kama bao limeingia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani. Hakulia. Alikuwa akimtafuta baba kwa macho.

Ndipo nkambo akainuka.

"Kaa gani hailiaka mu maji?" aliuliza. "Leteni moja yenye inanyamazaka, tuione."

Wachache walicheka. Nganga alisema, "Mama, uko muzee. Kaa chini."

Nkambo alikwenda kwenye mbabula, akachukua koleo, akatumbukiza kaa jingine. Likalia. Akatumbukiza jingine. Likalia. "Huyu analia, na huyu analia," alisema. "Basi nani muloji? Mbabula? Mi ni mutoto ya mutu wa moto. Tata yangu aliyeyusha majiwe ya hivi vilima. Nani amekufundisha kutukana moto hivi, mbele ya bantu?"

Nilidhani ameshinda. Nilikuwa mtoto, nilidhani kwamba mtu akionyeshwa uongo mbele ya macho yake atauona.

Mkuu wa vijana alisogea akaongea kwa upole, na upole huo ndio unaonitia hasira kuliko panga lake. "Nkambo, weye uko mwenyeji. Tunakuheshimu. Usijichanganye na bilulu."

Nkambo hakumtazama. Alimgeukia baba, aliyekuwa amesimama karibu na mparachichi, kati ya wanaume wengine, kama vile alikuwa mgeni aliyekuja kutazama.

"Mwanangu," alimwambia, "weye unatumikaka ku pampu. Ambia hawa bantu: maji iliingia mu mugodi namna gani?"

Watu wote walimgeukia. Baba aliangalia viatu vyake vya kanisani. Mama akasema taratibu, "Tata ya batoto?"

"Mi siyue," baba alisema.

Sijui. Basi. Mtu ambaye siku chache kabla alikaa mezani akilowesha sakafu, akisema nilibaambia, nilibaambia. Kinywa kilekile.

Wakampa mama mpaka kesho yake asubuhi awe ametoka. Alifungasha sufuria, vitenge, picha ya ndoa ya wazazi wake na kichwa cha cherehani. Baba mkubwa alikuja kusema kwamba watoto ni wa ukoo wa baba, hawaendi popote. Mama alimwambia mumewe, "Sema kitu." Mumewe alisema kwamba hali itatulia, kwamba ni ya muda tu, kwamba atamfuata na kumrudisha. Alipokuwa akisema hayo, nkambo alitoka chumbani na furushi lake kichwani.

"Mama, weye unaenda wapi?" baba aliuliza.

"Ku gare, na muke yako."

"Lakini weye si Mukasai!"

"Hata yee haiko Mukasai. Alizaliwa hapa, nilimuonaka akiwa na meno ya utoto." Nkambo alirekebisha furushi. "Bamechukua mambo ya tata yangu, bamefanya nayo fimbo ya kupigia mutoto wa bantu. Na weye ulijua, ukanyamaza. Mi sitakula tena mu hii nyumba."

Nilisema kwamba hakumpenda mama. Sijui kama asubuhi ile alimpenda. Najua tu kwamba walitoka pamoja, mmoja mbele na mwingine nyuma, na watu wa barabara yetu, waliokunywa maji ya kisima kile kiangazi kizima, walisimama milangoni wakitazama.

Gare, yaani stesheni ya Kolwezi, wakati huo ilikuwa mji mwingine. Familia zililala kwenye saruji, chini ya mabehewa ya mizigo, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye vichaka. Walipika kati ya reli. Treni haikuja, na haikuja, na watoto wakaanza kuharisha, kisha surua ikaingia. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukienda kwa miguu kutoka Musonoi na bukari kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Baba ndiye aliyetupa unga. Yeye mwenyewe hakwenda hata mara moja. Alisema kwamba akionekana huko, atapoteza kazi.

Pale ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa peke yake. Mwalimu mmoja aliyelala jirani nao alikuwa ameambiwa kwamba anatuma radi, kwa kuwa nyumba ya mkuu wa shule iliungua na yake ikapona. Mshona nguo mmoja aliambiwa kwamba hufuga kimbunga kwenye sanduku la nyuzi. Kila mmoja aligawiwa mukishi wake: huyu maji, huyu moto, huyu upepo. Na kila mmoja alikuwa ameacha nyuma kitu ambacho mtu mwingine alikitaka. Nyumba. Nafasi ya kazi. Mteja. Mume. Usiniambie kwamba roho hizo ndizo zilizochagua.

Nkambo alichemsha majani kwenye sufuria ya mama na kuwanywesha watoto waliokuwa wakiharisha, Bakasai hao hao ambao lugha yao ilimfanya ahamishe kigoda. Wengine walipona, wengine walifunikwa kwa kitenge na kupelekwa nyuma ya maghala. Mama alimshikia watoto vichwa. Siku moja niliwakuta wakigombana kuhusu chumvi, kwa sauti, kama nyumbani, na wanawake waliowazunguka wakicheka. Mama alikuwa amemfundisha kusalimia Tshiluba. "*Moyo webe*," nkambo aliniambia nilipofika, akijivuna, na mama akamrekebisha matamshi.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Watu walipanda hadi juu ya paa. Vijana wa vitambaa vyekundu walikuwepo kuhakikisha kwamba hakuna anayebaki, na baadhi yao walikuwa wakisaidia kusukuma mabibi vizee, wakisema "pole, mama, pole," kama vile ni wao waliokuwa wakitenda wema. Mama alinivuta kwa mkono wa kulia. Baba mkubwa alinivuta kwa wa kushoto. Yeye alikuwa na nguvu zaidi. Sikumbuki treni ikiondoka. Nakumbuka kucha za mama kwenye kifundo cha mkono wangu.

Habari za nkambo tuliletewa na mzee mmoja Mwislamu, mwenye malori yaliyokwenda hadi Kasai kutafuta mahindi. Asili yake ilikuwa mashariki, Maniema, na alimjua babu. Alivua kofia, akakaa, akakataa chai. Alisema kwamba mama amefika Mwene-Ditu, yuko kwa watu wa ukoo wake asiowajua. Nkambo hakufika. Alishikwa na tumbo lilelile la watoto aliokuwa akiwatibu, akafia ndani ya behewa baada ya kupita Kamina, na treni iliposimama kungoja kichwa kingine, wanaume wakamzika kando ya reli.

Baba alilia. Alilia kwa kelele, akijipiga kifua, na majirani wakaja kumpa pole. Nilimtazama nikiwa nimesimama karibu na jiko, na sikupata hata chozi moja. Hasira ilikuwa imekausha kila kitu.

Maana wakati huo kisima kilikuwa tayari na mwenyewe mpya. Mkuu wa vijana alikuwa amekiwekea kifuniko cha chuma na kufuli, akivunja ukuta wetu upande wa kwao ili kukifikia. Watu walichota kwa ruhusa yake, na hakuna aliyeuliza kama mukishi bado amefungwa humo, wala ni nani aliyemfungua, wala kama maji yale bado yana damu. Mvua zilizofuata mgodi uliingiwa na maji tena. Barabara yetu haikuwa na Mkasai hata mmoja wa kubebeshwa. Safari hiyo watu walisema ni mvua.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kazi aliyoilinda iliisha yenyewe. Kampuni iliacha kumwita, na akawa mtu wa kukaa barazani. Nilikuwa mwanamke mzima, na watoto wangu, nilipomuuliza. Sikumzunguka. Nilimuuliza kwa nini alisema hajui.

Akasema, "Ningesema ni pampu, bangeuliza fundi wa pampu ni nani."

"Lakini uliwaambia wakubwa wako. Kosa halikuwa lako."

"Kaa ya moto ililia, mutoto yangu. Uliona vile bantu balifurahi. Bale balihitaji mutu. Kama si yee, ni mi."

Angalau hilo lilikuwa kweli. Lakini nilimwambia kwamba basi alimweka mama mahali pake, na kwamba mama yake mwenyewe, bibi kizee, alifanya kile ambacho yeye na mikono yake minene hakuweza. Akasema, "Najua." Hakujitetea, na kutojitetea kwake kuliniudhi pia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mkubwa na nilibaki nimeushika mkononi bila pa kuutupa.

Mwaka huo nilikwenda Mwene-Ditu. Safari ilikuwa ndefu na mbovu. Tulipopita Kamina niliangalia nje ya dirisha, nikaona majani, vichuguu, na majani tena. Kaburi la nkambo lingeweza kuwa popote.

Mama nilimkuta uani, akipepeta mahindi. Alikuwa amepungua, ila macho yalikuwa yale. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaongea maneno mengi kwa haraka, na sikuelewa hata moja. Tshiluba. Mama ambaye alinifundisha kuhesabu kwa Kiswahili, aliyesali kwa Kiswahili, aliyenitukana kwa Kiswahili. Nilimjibu kwa lugha yetu. Akatikisa kichwa, akaendelea kwa ile nyingine. Binti wa dada yake ilibidi akae katikati yetu na kunitafsiria. "Anasema umekonda. Anauliza watoto wako wana majina gani. Anasema Kiswahili alikiacha ku gare."

Nilielewa. Nilikubali kuongea na mama yangu mzazi kupitia mtu mwingine, kwa sababu kama kuna aliyekuwa na haki ya kuitupa lugha ya watu wale, ni yeye. Nilimwambia habari za kaka yangu. Akanionyesha cherehani, imewekewa meza mpya. Aliniambia jinsi nkambo alivyoomba, ndani ya behewa, asifunikwe kwa kitenge kizuri, kibaki kwa walio hai.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. Binti yule alikuwa amekwenda kutafuta pikipiki, tukabaki wawili. Mama alinirekebisha kola ya blauzi. Kisha, bila kunitazama, akasema kwa Kiswahili cha Kolwezi, safi, kama vile hakukiacha popote:

"Baba yako, iko nakula muzuri?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba hastahili swali hilo, kwamba hastahili hata sauti yake. Pikipiki ilikuwa ikija. Mama alinisubiri, macho yake yakiwa chini, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Anakula," nilimwambia. Nikapanda.